Kabla ya kupanda Timboroa na jamaa yako

Shule zikifungwa mwishoni mwa mwaka, barabara kuu itokayo Mombasa kwenda magharibi mwa nchi hujaa magari ya jamaa zinazorudi nyumbani kwa Krismasi. Baba hukagua magurudumu na oili, mama hufunga mizigo, watoto hugombania kukaa dirishani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba gari hilo hilo litawapandisha kutoka usawa wa bahari hadi Timboroa, mahali palipo kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,700, kisha liwateremshe hadi Bungoma, ambako ni karibu mita 1,400. Yote hayo yaweza kutendeka katika muda wa siku moja au mbili, na mwili huyahisi.

Nimechagua njia hii kwa kuwa wasomaji wengi wanaifahamu. Hata hivyo, nitakayoyasema yanamhusu pia yule anayeteremka kutoka Iten hadi bonde la Kerio na kupanda tena Kabarnet, au anayepitia Kericho akielekea Kisumu.

Hewa ya milimani

Hewa ina uzito, na uzito huo ndio unaoisukuma oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye damu. Kadiri unavyopanda ndivyo msukumo huo unavyopungua. Ukifika Nairobi, umebaki zaidi kidogo ya asilimia 80 ya ule wa Mombasa. Timboroa ni pungufu kidogo ya robo tatu. Mtu mzima wa afya hulipa upungufu huo kwa kupumua haraka kidogo, na moyo wake kupiga upesi kidogo, wala yeye mwenyewe hatambui.

Wako wanaolalamika kwamba "hewa ya mlima" huwaumiza kichwa mara tu wanapopita Burnt Forest au Timboroa. Ugonjwa wa kimo upo, lakini ni nadra kutokea chini ya mita 2,500, na huchukua saa kadhaa, aghalabu 6 hadi 12, kabla ya kujitokeza. Gari huvuka sehemu ile ya juu kwa muda mfupi kuliko huo. Ukiumwa na kichwa pale, chunguza kwanza kama umekunywa maji, kama umekula, na kama ulilala usiku uliopita. Chunguza pia kama kuna harufu ya petroli ndani ya gari. Anayepanda Mlima Kenya hadi Lenana, mita 4,985, huyo habari yake ni nyingine, na si somo la leo.

Wanaopaswa kumwona daktari kabla ya safari ni wachache: mwenye ugonjwa wa moyo anayehema hata akiwa ametulia, mwenye maradhi makali ya mapafu, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati na ambaye bado ni mchanga, na mtu aliyepungukiwa na damu kiasi cha viganja kuwa vyeupe. Zaidi ya hao wote, mgonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita siko seli. Hapa nitakaa kidogo.

Ugonjwa huu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, na hapa Kenya umeenea hasa pwani na katika kaunti za magharibi na za kando ya Ziwa Victoria. Sababu ni kwamba aliyerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, kwa hiyo chembe hiyo ilibaki na kuenea mahali penye mbu wengi. Tazama basi: barabara itokayo pwani hadi magharibi inaunganisha sehemu mbili zenye wagonjwa wengi zaidi, na katikati ya sehemu hizo kuna milima yenye baridi na hewa pungufu.

Chembe nyekundu za damu ya mgonjwa huyu, zinapokosa oksijeni, hujikunja mfano wa mundu. Haziwezi tena kupita katika mishipa myembamba, hivyo huziba njia, na sehemu iliyo mbele hukosa damu. Ndipo maumivu makali huanza katika mifupa, mgongo au kifua. Upungufu wa maji mwilini huzidisha jambo hilo. Baridi hulizidisha. Uchovu nao hulizidisha.

Januari moja nililetewa hapa Nakuru mvulana wa miaka 7 ambaye jamaa yake ilikuwa ikirudi Mombasa. Walikuwa wameondoka Bungoma alfajiri. Mgonjwa wa selimundu hukojoa mara nyingi, maana figo zake haziwezi kuyahifadhi maji vizuri, na safari ya kwenda ilikuwa imewachosha kwa kusimama kila mara. Kwa hiyo siku hiyo waliamua asinywe maji mpaka wafike Nairobi. Timboroa palikuwa na ukungu na madirisha yalikuwa wazi kwa sababu dada yake alikuwa akitapika. Walipokaribia Nakuru mtoto alikuwa akilia kwa maumivu ya miguu na mgongo, midomo imemkauka. "Daktari, tulidhani tunamrahisishia safari," baba yake aliniambia. Mtoto alilazwa, akapewa maji kwa mshipa, dawa kali za maumivu na blanketi. Siku ya nne aliruhusiwa kuondoka.

Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo, mpe maji kidogo kidogo kila nusu saa tangu asubuhi, na ukubali kusimama. Mvike sweta na soksi kabla ya gari kuanza kupanda, usingoje atetemeke. Dawa zake za kila siku, yaani asidi ya foliki na progwanili ya kukinga malaria, zikae kwenye mfuko wa mkononi pamoja na panado na kitabu chake cha kliniki. Homa inayofika nyuzi 38.5, maumivu ya kifua, kuhema, uvimbe wenye maumivu chini ya mbavu za kushoto, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea ghafula: lolote kati ya hayo likitokea, acha safari na uende katika hospitali iliyo karibu. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu hana haja ya kuogopa Timboroa.

Masikio yanapoziba

Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na chumba hicho huunganishwa na koo kwa mrija mwembamba. Gari linapopanda, hewa ya ndani hutanuka na kutoka yenyewe bila taabu. Taabu huja wakati wa kuteremka. Hewa ya nje huongezeka nguvu, hukisukuma kiwambo ndani, na mrija usipofunguka sikio huziba na kuuma. Ndiyo sababu mtoto aliyelala kwa amani mpaka Kinungi huamka akipiga mayowe gari likishuka kuelekea Naivasha.

Kumeza mate hufungua mrija huo. Mkubwa ampe mtoto wa shule peremende au maji ya kunywa kidogo kidogo, naye mwenyewe apige miayo. Akishindwa, abane pua, afumbe mdomo, na apulize polepole mpaka asikie masikio yakifunguka. Asipulize kwa nguvu. Mtoto mchanga hajui kumeza kwa kuambiwa, kwa hiyo anyonye. Lakini usimtoe kwenye kiti chake gari likiwa mwendoni ili umpe titi. Simameni pahali salama, mnyonyeshe, kisha mwendelee. Anayetumia barabara ya chini ya Mai Mahiu hupita kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano mwaka wa 1942, na ni mahali pazuri pa kunyoosha miguu.

Mwenye mafua makali huumia zaidi, kwa kuwa mrija wake umevimba. Sikio likitoa damu au usaha, au likiendelea kuziba baada ya siku mbili tatu, lionyeshe kwa daktari. Usitie mafuta ya kupikia.

Kichefuchefu na kutapika

Katika sikio la ndani mna vijifereji vitatu vyenye majimaji, na kazi yavyo ni kuujulisha ubongo kwamba kichwa kinageuka. Gari linapokata kona, majimaji hayo husema, "Tunakwenda." Macho ya mtoto anayetazama simu au kitabu husema, "Tumetulia." Ubongo hupokea habari mbili zinazopingana, na tumbo ndilo linalolipa. Watoto walio chini ya miaka 2 huathiriwa kwa nadra. Wa miaka 2 hadi 12 ndio husumbuka zaidi, na wasichana na kina mama wajawazito pia.

Basi tiba ya kwanza ni macho. Mtoto akae mahali anapoweza kuona nje mbele, atazame mbali, kwenye kilima au mawingu, si miti inayopita kando. Simu iwekwe. Mchezo wa kuhesabu malori ya kwenda Uganda ni dawa bora kuliko katuni. Dirisha lifunguliwe kidogo. Kabla ya safari mtoto ale chakula chepesi, kama mkate mkavu au uji, asisafiri na njaa wala asishibe mandazi na chipsi. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu na haina madhara, ijapokuwa nguvu yake si kubwa. Kopo la petroli ya akiba lisikae ndani ya gari kamwe: harufu yake humtapisha hata mkubwa, na hatari yake ya moto sina haja ya kuieleza.

Dawa zipo. Siklizini, prometazini na sinarizini hufanya kazi zikimezwa mapema, saa moja au mbili kabla ya kona kuanza. Ukimeza tayari umeanza kutapika, utaitapika dawa yenyewe. Muulize mwenye duka la dawa kipimo kulingana na umri wa mtoto. Prometazini asipewe mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa maana yaweza kumzuia kupumua. Dawa zote hizi huleta usingizi, na dereva asizimeze kabisa. Wapo wazazi wanaomnywesha mtoto dawa ya mafua, klofeniramini, ili alale njia nzima asisumbue. Mimi naliona hilo kuwa jambo baya: mtoto aliyelazwa kwa dawa hawezi kukuambia kwamba anaumwa. Nayo metoklopramidi, ambayo wengi hununua kwa sababu huzuia kutapika kwa tumbo bovu, haisaidii kichefuchefu cha gari, na huweza kumkaza mtoto shingo na taya kiasi cha kuwafanya wazazi wadhani amepagawa.

Mifuko ya plastiki ya kutapikia tuliizoea, lakini ilipigwa marufuku mwaka wa 2017. Kopo la lita mbili lenye kifuniko ni bora zaidi, halivuji. Baada ya kutapika, mtoto asukutue, apumzike dakika 10, kisha anywe maji kidogo kidogo.

Dereva, usingizi na mteremko

Mimi si fundi wa magari, lakini majeraha ya barabara huishia mikononi mwetu madaktari, na sehemu hii ya nchi ina historia chungu. Oktoba 2018 basi lilianguka usiku karibu na Fort Ternan na zaidi ya watu 50 wakafa. Juni 30, 2023, lori lililoshindwa kudhibitiwa liligonga magari na wachuuzi katika njia panda ya Londiani, na hapo pia zaidi ya 50 walikufa.

Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hutenda na kuamua kama mtu aliyekwisha kunywa pombe. Mombasa hadi Bungoma ni zaidi ya kilomita 850. Dereva anayeamka saa tisa usiku, aendeshe peke yake mpaka jioni, atakuwa anakata kona za Timboroa na Burnt Forest katika hali hiyo hasa. Mlale Nairobi au Nakuru. Gari lisimame kila baada ya saa mbili. Dereva akianza kupiga miayo, kusahau kilomita chache zilizopita au kutoka nje ya mstari, kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakutamsaidia. Kitakachomsaidia ni kusimama mahali salama, kunywa kahawa, na kulala dakika 15 hadi 20. Mamake mzazi aliyekaa nyuma ndiye mwenye uwezo mkubwa wa kumwambia, "Mwanangu, simama," na ni vizuri autumie.

Katika mteremko mrefu breki zinazokanyagwa bila kuachwa hupata moto na kupoteza nguvu, kwa hiyo mafundi husema ushuke kwa gia ndogo. Gari likichemka mlimani, usifungue kifuniko cha rejeta; subiri lipoe kabisa. Mvuke ule huchoma uso na macho, na tunawaona waliochomeka. Na ukikuta tangi la mafuta limeanguka, pita, usisimame hata kutazama. Januari 31, 2009, pale Sachangwan karibu na Molo, watu walikusanyika kuteka mafuta na moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa, wengine baada ya siku nyingi za mateso wodini.

Mkanda wa usalama ufungwe na kila mtu, mbele na nyuma. Mama mjamzito aupitishe mkanda wa chini chini ya tumbo, juu ya nyonga, na ule wa juu katikati ya matiti. Na mtoto wa kupakatwa? Gari likigonga kitu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kama mzigo wa zaidi ya kilo 100. Hakuna mama awezaye kuuzuia mzigo huo kwa mikono, hata ampende mtoto wake namna gani. Kiti cha mtoto ni ghali, najua. Chaweza kuazimwa kwa jirani.

Wazee na wenye maradhi ya kudumu

Bibi mwenye presha aghalabu hukiacha kidonge cha kumkojosha siku ya safari, ili asiwasumbue vijana. Hasemi. Muulize kwa upole, na umhakikishie kwamba mtasimama. Kama ana ugonjwa wa moyo, kukiacha kidonge hicho kwaweza kumjaza maji mapafuni kabla ya kufika. Mwenye kisukari asibebe insulini juu ya dashibodi penye jua wala asiiache kwenye buti. Aifunge kwa kitambaa chenye unyevu, ndani ya chombo kisichoshikwa na jua, na awe na kitu kitamu mfukoni sukari ikishuka. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mkononi, maana baridi ya ghafula huubana mrija wa hewa. Kila mtu atembee kidogo mnaposimama, ili damu isigande miguuni.

Kuhusu chakula cha njiani sina mengi. Mahindi yaliyotoka motoni sasa hivi ni salama. Nyama choma ya Kikopey ni salama ikiwa imeiva na imekatwa mbele yako kwenye ubao safi. Karoti za kando ya barabara zioshwe kwa maji safi kabla ya kutafunwa, na maziwa mabichi ya chupa yachemshwe. Mkilala mahali penye baridi, msiingize jiko la makaa chumbani mkafunga madirisha. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Malaria baada ya kuteremka

Sasa mmefika. Watoto waliokulia Nairobi, Nakuru au Eldoret hawana kinga dhidi ya malaria, na wamefika mahali ambapo mbu wanaoieneza wapo mwaka mzima. Binamu zao wa kijijini wamejenga kinga kidogo kwa kuugua mara nyingi, na tangu Septemba 2019 wengi wao wamekuwa wakipata chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa katika sehemu za magharibi. Wa kwenu huenda hawajaipata. Kwa hiyo msiseme, "Mbona wa shangazi hawaugui?"

Bebeni vyandarua vyenye dawa kutoka nyumbani. Nyumba ya babu haina vya kuwatosha wageni 12. Mtoto aingie ndani ya chandarua mapema, na kama anacheza nje jioni avae nguo za mikono mirefu. Mwanamke mjamzito na mtoto mdogo wapate ushauri wa daktari kabla ya kuondoka kuhusu dawa za kukinga.

Vijidudu vya malaria huhitaji siku 7 au zaidi mwilini kabla ya homa kutokea. Mtoto anayeumwa na mbu usiku wa Krismasi ataugua mwanzoni mwa Januari, akiwa amekwisha kurudi Nairobi, pengine darasani. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa mwalimu, na hata mhudumu wa zahanati ya mtaani, hufikiria mafua. Homa yoyote katika miezi mitatu baada ya safari, omba damu ipimwe siku hiyo hiyo, na useme wazi: "Tulikuwa Bungoma." Usimpe vidonge vilivyobaki kwa babu, klorokwini, ambayo wazee wengine bado huikumbuka kwa jina, iliachwa na Kenya kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka wa 1998 kwa sababu vijidudu vilikuwa vimeizoea. Dawa ya sasa ya mchanganyiko humezwa kwa siku tatu pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, na humalizwa hata homa ikishuka siku ya pili.

Mtoto akipatwa na degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunywa au kunyonya, akilegea asiweze kuketi, au mkojo wake ukiwa mweusi kama koka, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huo huo.